Kiingereza cha shule kitakuponza wapi Marekani

Umeuliza, mdogo wangu, kama Kiingereza cha shule kinatosha Marekani. Kinatosha. Tunachofundishwa Kenya na Tanzania kimetoka kwa Waingereza, na Mmarekani hukielewa. Neno asilolijua halina hatari: ukisema "petrol" atakukodolea macho kidogo, atakisia, mtaendelea. Linaloponza ni neno analolijua kwa maana nyingine, maana hapo hakuna anayeuliza.

Ukiomba "rubber" ya kufutia penseli, umeomba kondomu, sema "eraser". Mkenya anayesema "flash me" akitaka kubipiwa, huko amemwambia mtu amwonyeshe uchi. Na "escort me to the stage" (nisindikize kituo cha basi) iache Nairobi, kusindikizwa kwa neno hilo kunanuka biashara ya ngono. Pole nayo haina tafsiri: mtu akijikwaa ukamwambia "sorry", atakujibu kwamba si wewe uliyemwangusha. Muulize tu "are you okay?"

"First floor" ni ile ya chini kabisa, unayoingilia kutoka barabarani. Tarehe huanza na mwezi, kwa hiyo miadi ya 04/07 ni Aprili 7. Ukienda Julai 4 utakuta sikukuu ya uhuru wao na ofisi zimefungwa. Ukitaja jina lako kwa herufi, Z ni "zee".

Kwenye dawa nenda taratibu. Ukiomba paracetamol huenda muuzaji asikuelewe, kwa sababu huko inaitwa acetaminophen, na watu wengi huijua kwa jina la Tylenol. Ni dawa ileile iliyomo kwenye Panadol. Shida ni kwamba dawa nyingi za mafua zimechanganywa nayo. Mtu anameza Panadol 2 za miligramu 500 alizokuja nazo, juu yake anakunywa ya mafua, akidhani ni dawa mbili tofauti. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, zote zikijumlishwa. Zikizidi, ini ndilo linaloharibika, na siku ya kwanza unaweza usihisi kitu. Soma kibandiko palipoandikwa "active ingredients". Kwenye chupa za dawa za kuandikiwa na daktari, jina acetaminophen wakati mwingine hufupishwa APAP. Na homa hupimwa kwa Fahrenheit: nyuzi 38 zetu ni 100.4 zao.

Chipsi? Omba "fries". Ukisema "chips" utapewa pakiti ya krispi.