Maswali na Majibu: Msumeno wa mkanda wa inchi 10 au wa inchi 14?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni seremala wa jioni na wikiendi hapa Morogoro. Nina banda nyuma ya nyumba, futi 10 kwa 12, na umeme wangu ni wa fezi moja. Natengeneza viti vya miguu ya kupinda na visanduku. Nina mabaki ya mninga, mengi mbili kwa sita na machache mbili kwa nane, nataka kuyapasua nipate mbao nyembamba. Dukani kuna msumeno wa mkanda mpya wa inchi 10, ule wa kuweka mezani. Jamaa mwingine anauza wa inchi 14, mtumba kutoka Japani, na bei hazipishani sana. Nichukue upi?

JIBU: Marahaba. Ungekuwa unakata miguu ya viti peke yake, ningekuambia chukua huo mdogo uanze kazi. Kinachobadilisha jibu langu ni mninga. Kufuata mchoro kwenye ubao wa inchi 2 ni kazi nyepesi. Kuusimamisha ubao kwa ubavu na kuupasua, inchi 6 za mti mgumu zikipita kwenye meno kwa pamoja, ni kazi nyingine kabisa, na hiyo ndiyo ya kuchagulia mashine. Kwa hiyo naegemea ule wa inchi 14, lakini kwa masharti.

Hizo 10 na 14 ni kipenyo cha magurudumu. Zinakuambia takriban upana wa nafasi kati ya mkanda na nguzo, hazikuambii kimo cha kupasua. Kimo hicho ukipime mwenyewe: pandisha kinga ya mkanda hadi juu, pima kwa futi kutoka mezani hadi kwenye kinga. Mashine nyingi za inchi 14 za muundo wa zamani, zenye fremu ya chuma cha kumimina, huishia inchi 6. Baadhi hukubali kipande cha kuongeza nguzo kinachofikisha inchi 12, na mkanda unarefuka kutoka inchi 93 na nusu hadi 105. Kwa vipande vyako vichache vya mbili kwa nane mimi nisingeingia gharama hiyo. Vichane viwe vya inchi 4, vipasue, kisha unganisha kwa gundi.

Sasa umeme, maana hapa ndipo mashine za Japani zinapoungulia. Umeme wa majumbani kule ni volti 100, na mashine za karakana nyingi ni volti 200 za fezi tatu. Wetu ni volti 230. Soma kibati cha mota kabla ya kuongea bei. Kikisema volti 100, utahitaji transfoma kubwa kuliko mota yenyewe, kwa sababu mota inapowaka huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Kikisema volti 200 fezi tatu, inveta inayopokea fezi moja na kutoa fezi tatu itaiendesha vizuri. Njia ninayoipenda zaidi ni kung'oa mota hiyo na kufunga ya kwetu ya fezi moja, HP 1.5 au 2, yenye mizunguko kama 1,400 kwa dakika. Fundi mota yeyote anaijua na atakutengenezea ikiharibika. Ila angalia puli: mota iliyokuwa ikifanya kazi kwenye umeme wa hertzi 60 ilizunguka kasi zaidi, kwa hiyo kwenye hertzi 50 zetu mkanda utapungua mwendo kwa sehemu moja ya sita usipobadilisha puli.

Mota ya HP 2 usiitegemeze kwenye ekstensheni nyembamba inayotoka sebuleni. Ivutie laini yake, waya wa milimita 2.5 na breka yake.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi ni mkanda utatoka wapi. Mikanda hukatika na huisha meno. Kabla hujalipa, tafuta mtu wa kukuuzia mikanda ya urefu wa mashine yako, au mwenye mashine ya kuunga anayeweza kukukatia kutoka kwenye roli. Wanaonoa misumeno ya viwanda vya mbao ni watu wa kuanzia kuuliza. Usipompata, hata mashine nzuri itageuka meza ya kuwekea gundi.

Kwa kupasua mninga tumia mkanda wa nusu inchi, meno 3 kwa inchi. Meno mengi hujaza vumbi kwenye nafasi zake, mkanda unachemka na kupinda ndani ya mbao. Muuzaji atakuambia mashine inakubali robo tatu inchi. Ni kweli unaingia, lakini fremu nyingi za ukubwa huo haziwezi kuukaza inavyotakiwa. Kwa miguu ya viti weka robo inchi, meno 6. Unageuka kwenye kona yenye nusu kipenyo cha nusu inchi na kidogo. Ukipata mvule siku moja, uchunguze kwanza, una vijiwe vya chokaa ndani vinavyomaliza meno papo hapo.

Vumbi la mninga na la mvule linawasha pua na kifua. Fungua dirisha, vaa barakoa ya vumbi. Glovu usivae. Kinga ishushe hadi karibu igusane na mbao kila unapokata.

Ukienda kwa jamaa, zima umeme, ondoa mkanda, zungusha magurudumu kwa mkono usikilize beringi. Mpira wa gurudumu uliopasuka unabadilishika; fremu yenye ufa iache hapo hapo. Kisha nenda na kipande chako cha mbili kwa sita, mwambie afunge mkanda mpya akipasue mbele yako, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mota ikizimika katikati, punguza bei kwa thamani ya mota nzima. Akikataa kukipasua, nunua huo wa inchi 10, na mninga upeleke kwa wenye mashine kubwa wakupasulie.