Maswali ya Wasomaji: Mada Imo Ndani ya Inveta Mbovu

SWALI: Nasoma uhandisi wa umeme hapa Mbeya. Nitapataje mada mpya ya utafiti kuhusu inveta? – Msomaji, Iyunga

JIBU: Anza na vilivyokufa. Omba kwa mafundi wa Mwanjelwa inveta mbovu za sola (vifaa vinavyogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani), hata 20 tu, uandike kilichoharibika kwa kila moja. Mosfeti (swichi ya kielektroniki ndani ya inveta) iliyoungua mara nyingi ni matokeo, si chanzo, usikimbilie kuilaumu. Toa kwanza chaji iliyobaki, kisha pima kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji) kubwa za upande wa betri: ujazo, yaani kiasi cha chaji zinachoweza kuhifadhi, pamoja na ukinzani wa ndani. Ujazo unaweza kuonekana mzuri huku ukinzani umepanda, na hapo kapasita huchemka na kukauka. Kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka hupunguza uhai wake karibu nusu.

Nyanda za juu zina swali zuri mno. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya bahari: baridi husaidia, lakini hewa nyepesi hupoza kwa shida. Kipi kinashinda? Funga vihisi joto kwenye kapasita na kwenye bamba la kupozea, endesha inveta kwa mzigo kamili hadi joto litulie, kisha rudia kipimo hichohicho Kyela, bondeni.