Jino Lisilo na Tundu Laweza Kulegea: Maswali ya Wasomaji kuhusu Kinywa na Meno

SWALI: Salaam, daktari. Mimi ni mama wa miaka 47, mkazi wa Mbagala. Meno yangu mawili ya mbele, ya chini, yamelegea kiasi kwamba nikiyasukuma kwa ulimi yanacheza, ingawa hayana tundu wala hayajawahi kuniuma. Kwa muda mrefu fizi zimekuwa zikitoa damu kila ninapopiga mswaki, kwa hiyo niliacha kulisugua eneo hilo. Jirani ananishauri ninunue vidonge vya kalsiamu. Mwingine anasema yang'olewe kabla hayajaambukiza mengine. Nifanye nini?

JIBU: Mama, usikubali yang'olewe kabla hujapimwa, na fedha ya vidonge iweke kwa ajili ya nauli ya kwenda kwa daktari wa meno.

Tundu ni ugonjwa wa jino lenyewe. Bakteria hugeuza sukari kuwa asidi, asidi hiyo hula enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, kisha dentini, tabaka lililo chini yake, hadi kufikia kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, na hapo ndipo mgonjwa hukesha usiku kucha. Kulegea, kwa kawaida, ni ugonjwa wa vile vinavyolishikilia jino, nao huweza kwenda miaka bila kuuma, jambo ambalo ndilo linaloufanya uwe wa hatari.

Wengi hudhani kwamba mzizi wa jino umegandamana na mfupa wa taya. Sivyo. Kati ya viwili hivyo pana nafasi finyu mno, yapata milimita 0.2, iliyojaa nyuzi imara ambazo upande mmoja zimezama katika simenti, yaani tabaka jembamba linalofunika mzizi, na upande wa pili zimezama katika mfupa. Jino limebebwa na nyuzi hizo kama mwili unavyobebwa na kitanda cha kamba, ndiyo maana hata jino zima hubonyea kidogo sana tunapotafuna. Humo humo mna mishipa ya fahamu inayopima uzito wa kila tafuno, nayo ni miongoni mwa vinavyokushtua pale chembe ya mchanga inapojificha ndani ya wali.

Fizi nazo huikumbatia shingo ya jino na kuacha mfereji mdogo ambao kina chake, kwa mtu mwenye afya, hakizidi milimita 3. Ukoga, yaani utando laini wenye bakteria, ukiachwa humo, madini yaliyomo katika mate huugandisha ukawa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki. Meno yako yako mahali pabaya, kwa kuwa baadhi ya mirija ya mate hufungukia chini ya ulimi, nyuma tu ya meno ya mbele ya chini, na huko ndiko ugaga hupenda kujijenga. Fizi huvimba, mfereji hugeuka kuwa mfuko, nyuzi huharibika, na mfupa hupungua polepole kutokana na mapambano ya mwili wenyewe dhidi ya bakteria. Kwa kuwa chanzo si upungufu wa kalsiamu, vidonge havitakaza jino lolote. Wala jino halimwambukizi jirani yake kwa kuwa tu limelegea. Meno mengine yatafuata iwapo nayo yamezungukwa na ugaga ule ule.

Damu uliyoiona ilikuwa dalili ya uvimbe, na kuacha kupiga mswaki kuliuongezea chakula. Tumia mswaki laini, taratibu, hata damu ikitoka. Maji ya chumvi siyakatazi, kwani hutuliza, ila hayaondoi ugaga. Na kama nyumbani yupo mvutaji wa sigara anayejisifu kwamba fizi zake hazitoi damu, mwambie asifurahi mapema: tumbaku huificha damu huku mfupa ukiendelea kuliwa.

Nenda kitengo cha meno katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Daktari atapima kina cha mifuko, atapiga picha ya eksirei ili aone mfupa uliobaki, kisha ataukwangua ugaga hadi chini ya fizi. Mfupa uliokwisha kupotea haurudi wenyewe, lakini uvimbe ukiisha, jino lililolegea kidogo mara nyingi hukaza. Omba upimwe na sukari pia, kwa sababu kisukari kisichodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi mbovu nazo huifanya sukari iwe ngumu kudhibiti.

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 6 na miezi kadhaa. Gego lake la nyuma kabisa, taya la chini, lina kitundu cheusi. Bibi yake anasema tuliache, litang'oka na lingine litaota. Ni kweli? Baba wa mtoto, Kinondoni.

JIBU: Marahaba. Bibi angekuwa sahihi kwa meno ya utoto, ambayo ni 20. Gego hilo, kwa umri huo, huenda ni la ukubwani: huota nyuma ya magego ya utoto bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana wazazi wengi hawatambui kuwa limefika. Likipotea halina mrithi. Enameli nayo haijirudishi, kwa kuwa chembe hai zilizoitengeneza hutoweka jino linapotokeza kinywani.

Lipo jambo la haraka zaidi. Mzizi wa gego hilo bado haujakamilika. Huchukua yapata miaka 3 baada ya jino kuota, na kinachoukamilisha ni kiini kilicho hai. Tundu likizibwa sasa, kiini kitanusurika na mzizi utakua. Likiachwa hadi kiini kife, tiba huwa ngumu zaidi. Mpeleke wiki hii, na umwombe daktari akague pia magego mengine matatu ya namna hiyo, ambayo huota karibu wakati mmoja na yana mifereji ile ile ya kunasa chakula kwenye uso wa kutafunia.