Maswali na Majibu: Mgeni wa Tumblr

Wiki hii nimechagua barua zinazohusu Tumblr, mtandao wa kijamii wa blogu, kwa kuwa wengi wenu mmeanza kublogu huko na mnalalamika kwamba mnaandika bila kuona mtu.

Swali: Nimejiunga wiki mbili zilizopita, lakini karibu kila ninayemfuata ananizuia. Nimekosa nini? (Morogoro)

Jibu: Blogu yako haina picha, haina maelezo, wala haina chapisho hata moja. Akaunti za roboti, yaani zinazoendeshwa na programu badala ya mtu, zina sura hiyohiyo, kwa hiyo wenyeji huzizuia bila kuuliza. Weka picha, andika mistari miwili kuhusu mambo unayoyapenda, chapisha mambo matatu au manne, ndipo ubishe hodi.

Swali: Nitapataje wafuasi elfu moja kwa haraka?

Jibu: Nimekwisha kulijibu swali hili mara nyingi mno. Tumblr haimwoneshi mtu mwingine idadi ya wafuasi wako, na anayekuuzia wafuasi anakuibia.

Swali: Nabonyeza moyo kwenye kila chapisho linalonipendeza, mbona bado hakuna anayenijua? (Mombasa)

Jibu: Moyo ni salamu ya mpita njia. Chapisho husafiri pale unapolichapisha tena kwenye blogu yako, likabaki na jina la mwandishi wake wa kwanza, nawe ukaongeza neno lako chini yake. Mwaka jana dada mmoja wa Tanga aliweka picha ya dele la kahawa la marehemu babu yake, mpini wa dele ukiwa umeviringishwa kipande cha kikoi ili usiunguze, na watu wakabonyeza moyo wakapita. Mimi nililichapisha tena, nikamuuliza kama mzee alikuwa akiuza na kashata. Jioni ileile alinijibu kwa aya tatu, kisha binamu yake aliyeko Muscat akaingia kusahihisha habari ya tangawizi, na mpaka leo tunaandikiana sote watatu.

Hilo ndilo ninalowasihi mlifanye, na mlifanye kwa Kiswahili. Tagi za Tumblr, yale maneno unayoweka chini ya chapisho ili watu walipate wakitafuta, hukubali nafasi kati ya maneno, kwa hiyo hakuna kinachokuzuia kuandika “mapishi ya pwani” kama yanavyotamkwa. Anayeandika habari za Pemba na kuziwekea tagi za Kiingereza pekee amejificha mbele ya watu wake mwenyewe. Vilevile, msipakue picha ya mtu na kuipandisha upya kana kwamba ni yenu. Huo ni wizi, na wenyeji hawausahau.

Swali: Nina blogu mbili. Nataka ile ya pili, ya mashairi, ndiyo ifuate watu. Inawezekana?

Jibu: Haiwezekani. Kufuata na kupenda hufanyika kwa jina la blogu kuu ya akaunti, yaani ile uliyoifungua kwanza. Badilisha jina na picha ya hiyo kuu, kisha uhamishie mashairi huko.

Swali: Rafiki niliyempata huko ananiomba namba ya simu. Nimpe? (Dodoma)

Jibu: Usimpe. Kwetu namba ya simu ndiyo pia mkoba wa fedha, na mwenye namba hiyo akianza tu kukutumia fedha huoneshwa jina lako kabla hajathibitisha. Tumblr ina ujumbe wa faragha, mzungumze humohumo. Akikasirika kwa sababu umekataa, mzuie siku hiyohiyo.