Kabla ya kununua themostati janja, hesabu nyaya zilizo ukutani

Watu wengi wanaoniomba ushauri kuhusu themostati janja, yaani kifaa cha ukutani chenye Wi-Fi kinachoamuru joto na baridi ya nyumba, huanza kwa kuuliza wanunue aina gani. Mimi huwaomba waliweke kando swali hilo kwanza, wazime umeme, wavue kifuniko cha themostati waliyonayo na kutazama nyaya. Nyumba yenye watu tayari ina nyaya zilizopitishwa na fundi ambaye huenda hutaonana naye kamwe, na hizo ndizo zitakazoamua kama kazi itaisha kabla ya chakula cha mchana au itakula siku nzima.

Tuanze na la hatari. Ukikuta nyaya mbili au nne nene, zimefungwa kwa vikofia vya plastiki vya kusokota, au kifaa kimeandikwa volti 120 au 240, simama hapo hapo. Huo ni umeme wa hita zinazofungwa ukutani, na themostati janja nyingi zimetengenezwa kwa volti 24 tu. Ukiiunganisha itaungua, na inaweza kuunguza zaidi ya yenyewe. Rudisha kifuniko, kisha tafuta kifaa kilichoundwa kwa umeme huo au mwite fundi mwenye leseni.

Ukikuta nyaya nyembamba za rangi mbalimbali, kila mmoja umebanwa kwenye terminali yenye herufi, uko mahali panapofaa. Hata hivyo umeme uzimwe. Volti 24 hazitakutupa chini, lakini waya wa herufi R ukigusa wa herufi C kwa bahati mbaya, fyuzi ya bodi ya saketi ndani ya mtambo wa kupasha na kupooza nyumba inakatika. Kwa kawaida ni ya ampea 3 au 5. Mtambo usio na fyuzi unaweza kuunguza transfoma yenyewe, kile kifaa kinachoshusha umeme wa nyumba kuwa volti 24. Baadhi ya nyumba zina transfoma mbili, moja ya kupasha joto na nyingine ya kupooza, kwa hiyo zima pande zote mbili. Wala usipime kwa macho: kioo cha themostati kinaweza kuwaka kwa betri wakati umeme umekatwa, au kikazimika kwa betri kuisha wakati umeme upo. Tumia multimita, kipimo cha umeme.

Kisha piga picha ya nyaya, kwa karibu, herufi zisomeke. R ndiyo inayoleta umeme kutoka kwenye transfoma. W inaamuru joto, Y kompresa ya kupooza, G feni. C ndiyo njia ya kurudi, inayokamilisha mzunguko.

Kwenye C ndiko kazi nyingi hukwama. Themostati ya zamani ni swichi tu. Inagusanisha R na W, mtambo unawaka, inaziachanisha, unazima. Haihitaji umeme wake yenyewe, ndiyo maana mafundi wa zamani walikuwa wakipitisha nyaya nne, wakati mwingine mbili, na nyumba ikapata joto miaka yote. Themostati janja ina kioo na redio ya Wi-Fi, nayo hula umeme usiku na mchana. Baadhi zinadai zinaweza kuishi bila C kwa kupitisha mkondo mdogo kwenye nyaya za W au Y. Kwenye mitambo fulani hilo linafanya kazi vizuri. Kwenye mingine, rilei, yaani swichi ndogo za umeme ndani ya mtambo, zinaanza kugongagonga, au betri ya ndani inakauka katika miezi ambayo mtambo hauwaki mara kwa mara, na kifaa kinazima bila mtu kujua. Mimi sikubali kufunga bila C pale ambapo kuna njia ya kuipata, hasa nyumba ikiwa na mtoto mchanga au mzee.

Na mara nyingi njia ipo. Vuta kebo taratibu kutoka kwenye tundu la ukuta uone kama kuna waya wa ziada uliokunjwa nyuma. Ukiupata, nenda kwenye mtambo, utafute waya wa rangi hiyo hiyo ndani ya kebo ileile, uufunge kwenye C ya bodi. Usipoupata, kuna adapta zinazofungwa kwenye bodi ya mtambo ili nyaya nne zifanye kazi ya tano. Watengenezaji wengine huiweka ndani ya boksi. Kuna pia transfoma ndogo ya volti 24 ya kuchomeka kwenye soketi, ingawa waya wake utaonekana ukutani. Kuna wanaoigeuza G kuwa C. Utapoteza uwezo wa kuwasha feni peke yake, na kwenye bodi lazima Y na G ziunganishwe ili feni izunguke kompresa inapowaka. Kama joto lako linatoka kwenye koili za umeme, achana na njia hiyo, maana feni huenda ikategemea G hata wakati wa kupasha.

Rangi zisikudanganye. Bluu hutumika sana kwa C, lakini fundi aliyeishiwa na rangi fulani alitumia iliyokuwa mkononi. Fuata herufi, kwenye ncha zote mbili za kebo.

Wenye pampu ya joto, mtambo mmoja unaopasha na kupooza, waongeze umakini. Terminali ya O/B huendesha valvu inayogeuza mtambo kati ya joto na baridi. Watengenezaji wengi huipa umeme wakati wa kupooza, wachache wakati wa kupasha. Ukiomba joto ukapata baridi, badilisha mpangilio huo kwenye menyu, usiguse nyaya. Lakini mitambo mingine ya zamani hutumia B kama C. Ukiupeleka waya huo kwenye O/B, utapiga shoti. Fungua mtambo uone unaishia wapi.

Kama themostati unayoitoa ina kichupa cha kioo chenye kimiminika cha rangi ya fedha, hiyo ni zebaki. Usiitupe na takataka. Ipeleke panapopokelewa taka za sumu.

Kabla ya kubana kifaa kipya, ziba tundu la ukuta linalopitisha kebo. Hewa ya ndani ya ukuta ikivuma juu ya kipima joto, nyumba itapashwa au kupoozwa kwa namba za uongo, na utailaumu themostati bure.

Washa umeme, ujaribu joto, kisha feni, kisha baridi. Kompresa ikichelewa dakika kama 5 usianze kufungua skrubu; hiyo ni kinga yake. Na ukifunga wakati nje kuna baridi kali, liache jaribio la kupooza mpaka hali ya hewa ipate joto, kwa sababu kompresa inaweza kuharibika.