Jeni ni zako, hataza ya kampuni: maswali yenu na majibu

Maswali yamekuja mengi kuhusu hataza za jeni (hataza ni patent, haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wako), hasa ile kesi ya Marekani kuhusu hataza za kampuni ya Myriad kwa BRCA1 na BRCA2, jeni ambazo zikiwa na kasoro zinampandishia mtu hatari ya saratani ya matiti na ovari. Nimechukua machache.

Jeni nimezaliwa nayo, kampuni inaimilikije? (Msomaji, Tabora)

Swali zuri, na majaji walihangaika nalo miaka! Ofisi ya hataza ya Marekani ilikuwa inakubali hoja kwamba jeni ikiwa mwilini ni ya asili, ila ukiitoa ukaitenga maabara basi imeshakuwa kitu kingine, na kitu kingine unaweza kukiombea hataza. Ndivyo Myriad Genetics ya Salt Lake City walivyopata zao miaka ya 1990. Hawakuja kukudai kodi ya jeni yako wewe, ila maabara yoyote iliyotaka kuipima ilibidi iitoe kwanza, na ikishaitoa tu inagusa hataza.

Kwa hiyo shida ilikuwa bei tu?

Bei ya kipimo cha Myriad ilikuwa kubwa kweli, zaidi ya dola 3,000, mwigizaji Angelina Jolie mwenyewe aliitaja 2013 alipoeleza kwa nini alitoa matiti. Lakini mimi bei naiweka nafasi ya pili. Kibaya zaidi ni kwamba ukitaka kuhakikisha majibu kwa maabara nyingine, hakuna, maana wengine waliokuwa wanapima, kama Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliandikiwa barua za kuonywa wakaacha. Sasa 2006 timu ya Mary-Claire King (huyu ndiye aliyeonyesha 1990 kwamba BRCA1 iko kromosomu ya 17) ikachukua familia 300 zenye wagonjwa wengi wa saratani ambazo kipimo cha kampuni kiliziambia hazina kitu, na kama asilimia 12 wakakutwa na kasoro kubwa kwenye hizo hizo jeni, vipande vimefutika au vimejirudia na kipimo hakikuviona. Yaani mtu ameambiwa yuko salama kumbe hayuko! Baadaye kampuni ikaleta kipimo cha nyongeza, kwa hela ya ziada.

Mimi niko chuo, nasoma maabara. Utafiti ulizuiwa kweli?

Tuwe wakweli mdogo wangu, siyo moja kwa moja. Makala za BRCA zilitoka maelfu na Myriad walikuwa wanajitetea kwa hilo. Ila watafiti walieleza mahakamani kwamba wanapima mtu kwenye utafiti halafu hawawezi kumpa majibu yake, maana kumpa majibu kulihesabiwa ni huduma, na huduma ina mwenyewe. Halafu kuna la data, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote: kuanzia 2004 hivi kampuni iliacha kupeleka matokeo yake kwenye hifadhi ya wazi ya data, ambayo watafiti wote wanaweza kuisoma, kwa hiyo ujuzi wa badiliko lipi la jeni ni baya na lipi halina shida ukabaki kabatini kwao.

Kesi iliishaje?

Tarehe 13 Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote 9 upande mmoja, ikasema DNA ya asili haina hataza hata ukiitenga, ila cDNA, yaani nakala ya jeni inayotengenezwa maabara, inaweza kupata. Siku hiyo hiyo maabara nyingine zikatangaza zinapima, moja kwa dola 995. Australia nao wakaifuata njia hiyo 2015. Lakini data haikurudi na hukumu, watafiti na wagonjwa wakaanza kukusanya upya ripoti moja moja.

Hataza ya Marekani inatuhusu nini sisi Morogoro?

Kisheria haivuki mpaka, hataza ni ya nchi ilikosajiliwa. Huku kinachokwamisha zaidi ni mashine, kemikali na wataalamu. Ila soma swali la chini.

Dada yangu kapimwa BRCA, ripoti inasema ana badiliko ambalo maana yake haijajulikana. Akatwe matiti? (Nairobi)

Pole sana, na hapana, asikatwe kwa sababu ya ripoti hiyo peke yake. Majibu ya namna hiyo hayatakiwi kuamua upasuaji, mengi yakichunguzwa baadaye yanaonekana hayana madhara. Daktari aangalie historia ya familia, nani aliumwa na akiwa na umri gani, apangiwe uchunguzi kulingana na hiyo. Watu weusi tunapata majibu haya mara nyingi kuliko wazungu kwa sababu jeni zetu zimepimwa kidogo kwenye hizo hifadhi, na miaka ile ya kufungia data haikusaidia. Aiulize maabara vitu viwili: kama wanapeleka matokeo ClinVar, ambayo ni hifadhi ya wazi, na kama watamjulisha tafsiri ikibadilika. Wakisema hawajulishi, basi aulizie mwenyewe kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na ile ripoti asiitupe.