Jibu: Kundi la ukoo limejaa jumbe za kusambazwa, habari za ndugu hazionekani

Salamu ndugu. Umesema kundi lenu la WhatsApp lina watu 43, limejaa jumbe za kusambazwa, na wazee hawajibu kabisa.

Anza na simu za wazee. Mara nyingi picha na video hujipakua zenyewe hadi simu inajaa na kukwama. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa video. Picha ziache kwenye Wi-Fi tu.

Kisha fungua kundi la pili la matangazo, ambamo wasimamizi peke yao wanaandika: msiba, ugonjwa, mtoto kuzaliwa. Taarifa ya msiba ikifunikwa na video 30 za vichekesho, mtu huiona mazishi yameshapita, na kinyongo chake hakiishi upesi.

Lakini kinachounganisha hasa ni habari ndogo. Mpangieni kila nyumba siku yake ya wiki: ujumbe wa sauti wa dakika moja na picha moja. "Hatujambo" haitoshi, waseme mtoto kang'oka jino la mbele, bibi kaanza kutembea bila mkongojo. Sauti humfaa pia asiyeona maandishi vizuri. Aliyenyamaza wiki mbili apigiwe simu, asitajwe mbele ya kundi.